Hanamu ya shetri: kisa cha boti ya futi 18 na uwazi wa milimita tatu

Kisa chenyewe kinahusu nini

Naandika hiki kisa kwa mafundi wenzangu wa boti za mbao, hasa nyie mnaoanza kujenga kwa mchoro badala ya jicho tupu. Kilichotusumbua ni kitu kimoja tu, hanamu ya shetri. Namaanisha ule mkato wa mshazari kwenye kingo za lile bao pana la nyuma (vijana wengi siku hizi wanaliita transomu), unaofanya mbao za ubavuni na za chini zilale juu yake bila kuacha uwazi. Majina ya watu, ya karakana na ya mji nimeyatoa. Vipimo nimeviacha, maana ukivitoa hivyo hakuna cha kujifunza hapa.

Hali ilivyokuwa

Kikundi cha wavuvi kilikuja kutaka boti ya futi 18 ya kufunga mashine ya hosipawa 25. Walikuwa wanatumia dau, na dau mnajua lina ncha huku na huku, mashine unaifunga ubavuni kwa kubahatisha. Safari hii walitaka shetri bapa kama ya mashua ila iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine, wakaja na mchoro walionunuliwa na ndugu yao aliye nje.

Karakana ilikuwa na watu wanne. Kuna Mzee, fundi mkuu, kajenga mashua miaka zaidi ya thelathini na hajawahi kuchora hata moja, anaweka mkuku (uti wa chini wa boti), anasimamisha omo (mbele) na shetri, anapanga mataruma (mbavu za boti) machache kisha fito, ule ubao mwembamba unaopindika, inamwambia yaliyobaki. Kuna vijana wawili wa kazi. Na mimi, niliyesomea kuchora, kwa hiyo kazi ya sakafuni, yaani kuchora boti kwa ukubwa wake halisi, ilikuwa yangu.

Mchoro ulikuwa na jedwali la vipimo lililoandikwa kwa futi, inchi na thumni, mtindo wa kizamani wa wajenzi wa boti wa Uingereza na Marekani. Ukikuta 2-3-4 maana yake futi 2, inchi 3 na thumni nne za inchi, yaani inchi 27 na nusu, yaani milimita 698.5. Ile namba ya tatu si inchi wala si desimali. Hilo tu limeshaharibu boti nyingi, kwa hiyo siku nzima ya kwanza ilikuwa ya kugeuza jedwali kuwa milimita, mmoja anasoma mwingine anahakiki.

Umbo la nyuma ndo hili, lishikeni maana kila kitu kinatoka hapa. Shetri inalala kwa nyuma digrii 14 kutoka wima, ni kawaida kwa mashine za kufunga nyuma, nyingi zinataka kati ya 12 na 15. Ubavu unafunguka kwenda nje digrii 15 hivi. Chini ni V ya digrii 10, na kwenye mita ya mwisho chini hapapandi wala hapashuki, pamenyooka kufuata urefu wa boti. Nusu upana juu ni milimita 698.5, kimo cha wima kutoka chini ya V mpaka ukingo wa juu 610. Unene wa bao la shetri ni milimita 45, wa mbao za ubavu 20.

Kazi ya sakafuni

Tulipanga plaiwudi tatu kwa urefu, tukazipaka rangi nyeupe ya maji, tukachora boti kwa ukubwa wake halisi. Mchoro wa ubavuni na mchoro wa juu niliilaza mmoja juu ya mwingine kwa penseli za rangi mbili, nafasi haikutosha kuiweka mbalimbali. Fito zilikuwa za paina isiyo na fundo, unaibana kwa misumari midogo huku na huku bila kuitoboa, halafu unainama unaangalia kwa jicho moja kama kuna mgongo au bonde. Kuna sehemu mbili jedwali lilikuwa na kosa la thumni moja, fito ikatuonyesha, tukaiamini fito.

Kisha umbo halisi la shetri. Kwa kuwa shetri imelala, ukilitazama bao kutoka nyuma unaliona fupi kuliko lilivyo. Kile kimo cha 610 ni cha wima, ukipima kwa kufuata mlalo wa bao lenyewe unapata 629. Hii nilikuwa naijua na nikaifanya sawasawa, vimo vyote nikavichukua juu ya mstari uliolala na upana nikautoa kwenye mchoro wa juu. Unene wa mbao za ubavu, zile milimita 20, pia niliutoa, jedwali lilisema vipimo ni vya nje ya mbao. Hapa kuna kaujanja, ule unene unautoa kwa mshazari kwa hiyo ni zaidi kidogo ya 20, ila kwa pembe zetu tofauti ilikuwa nusu milimita tu. Kwa boti yenye hanamu ya digrii 30 ingefika milimita 3, usiidharau.

Baada ya hapo hanamu. Boti inapungua upana kwenda nyuma, kwa hiyo uso wa ndani wa bao, unaotazama omo, lazima uwe mkubwa kuliko uso wa nje. Ubavuni nilichukua skwea ya kukunja (ile ya kushika pembe yoyote), nikaiweka kwenye mchoro wa juu pale mstari wa maji, yaani umbo la boti likikatwa kwa mlalo, unapokutana na shetri, nikasoma mstari unaingia kiasi gani. Digrii 8. Nikarudia kwenye mistari mingine miwili, zote zinazunguka hapohapo kwenye 8, nikaridhika. Kwa chini nilichukua kwenye mchoro wa ubavuni, digrii 14, ule mlalo wenyewe.

Kwa nini nilichagua njia hiyo? Kwa sababu ndivyo nilivyofanya kwenye boti mbili za nyuma na zikatoka vizuri. Hizo boti shetri zake zilisimama wima. Sikuliweka hilo kichwani.

Mstari tuliuhamisha kwenye bao kwa misumari, unailaza vichwa vikifuata mstari, unalishusha bao juu yake unakanyaga, vichwa vinaacha alama. Kwenye 45 hanamu ya digrii 8 ni milimita 6.3, kwa hiyo uso wa ndani tukaukuza 6.3 kila upande, tukakata, tukapiga randa. Bao la mvule, pande mbili zilizoungwa, likatoka zuri sana.

Fito ilipokataa

Tulisimamisha mkuku, mataruma, tukaifunga shetri kwenye goti lake (kipande kinachoishika kwenye mkuku), timazi katikati, pima maji juu. Kila kitu kilikubali. Mzee akachukua fito yake, akaibana kwenye mataruma matatu ya mwisho akaiacha ipite juu ya ukingo wa shetri. Akaniita.

"Mwanangu, njoo utazame hapa."

Nikainama. Fito inagusa ukingo wa nje tu, ule wa nyuma kabisa. Kwa ndani kuna uwazi, ukiwasha tochi upande wa pili mwanga unapita. Tukapima, karibu na kona ya chini karibu milimita 2, katikati 2 na nusu, juu 3. Upande wa pili wa boti hivyohivyo, kwa hiyo haikuwa shetri imekaa upande. Chini kwenye V fito ililala vizuri.

Mtu anaweza kusema milimita 3 ni nini, kalfati (pamba ya kuziba maungio) itaziba. Haizibi. Ubao ukikalia kona ya nje peke yake, skrubu zikivuta unabonyea pale, unapasuka kufuata mstari wa skrubu, au ile kona ya mvule inapondeka. Halafu ule uwazi wa ndani unakuwa kikombe. Maji ya mvua yanakaa mle, na maji ya mvua yanaozesha mbao kuliko ya chumvi, tena pale ni kwenye ncha ya ubao inayokunywa maji kwa kasi. Shetri nyingi zinazokuja karakana kutengenezwa zimeanzia kuoza hapohapo.

Tulivyoamua

Kulikuwa na njia nne na tulizijadili karibu saa nzima, boti imesimama tu.

Kijana mmoja alitaka tupige randa ukingo wa nje mpaka hanamu ifikie. Inawezekana, ila shetri inapungua milimita 3 kila upande na ubavu unavutwa ndani ghafla kwenye sentimita 60 za mwisho, mstari uliokuwa umenyooka unapata kovu ambalo jua la jioni litalionyesha kila siku. Njia ya pili kubandika vipande vyembamba ndani kwa epoksi. Mimi niliipinga, ukingo wa shetri ndo unaobeba skrubu zote za ubavu, sitaki ziwe zinashika kipande cha kubandika. Njia ya tatu kukata bao jipya, na mvule wa upana ule bei yake mnaijua.

Mzee alikuwa kimya muda wote, anazunguka nyuma ya boti. Mwishowe akasema, "Shetri ni ndogo kwa mahali ilipo. Basi ipelekeni mahali penye udogo wake."

Yaani tuisogeze nyuma. Boti inapungua kwenda nyuma, kwa hiyo bao lilelile ukilirudisha nyuma kidogo linakutana na umbo jembamba zaidi, uso wa ndani unaenea, na uso wa nje ndo unakuwa na ziada ya kupiga randa. Nikakimbilia sakafuni kupiga hesabu. Ubavu unaingia milimita 14 kwa kila 100 za urefu, tunahitaji kama 3.2, inatoka milimita 23. Na kwa kuwa chini pamenyooka kufuata urefu, kusogeza nyuma kwa mlalo hakugusi kabisa mkao wa V. Ingekuwa chini panapanda kwenda nyuma, kama mashua za kawaida za tanga, ujanja huu ungetatua ubavu ukaharibu chini.

Na mkuku? Mzee ana desturi ya kuuacha mkuku mrefu shibiri moja nyuma, anaukata mwisho kabisa. Mimi nilikuwa nimemwambia siku ya kwanza kwamba mchoro unatoa urefu kamili na hatuna haja ya kuacha, akaniangalia akaacha shibiri yake. Ile shibiri ndo iliyotupa nafasi. Goti tuliliongezea kipande cha mvule cha 23 kwa nyuma, bolti zikapita.

Kutafuta hanamu ya kweli

Kabla ya kupiga randa nilitaka nijue hanamu sahihi ni ngapi, sikutaka kufukuzana na fito kila sentimita. Usiku nikarudi kwenye plaiwudi.

Njia iliyofanya kazi ni hii. Kwenye mchoro wa ubavuni unachora mstari wa pili sambamba na shetri, milimita 100 mbele yake, ukipimwa kwa skwea (pembe mraba) kutoka usoni mwa shetri na si kwa mlalo wa sakafu. Ni kama vile kuna shetri nyingine ya kufikirika ndani ya boti. Pale mstari huo unapokata mistari ya maji, kona ya ubavu na ukingo wa juu, unashusha kwenye mchoro wa juu unasoma nusu upana. Unachora umbo lake halisi juu ya umbo la shetri ya kweli, mstari wa katikati mmoja. Sasa una maumbo mawili, moja linalizunguka jingine. Popote unapotaka hanamu, pima uwazi kati ya maumbo hayo kwa skwea kutoka kwenye ukingo. Chora pembe mraba, msingi 100, kimo ni ule uwazi, na ule mshazari ndo hanamu yako. Unaweka skwea ya kukunja juu yake basi, hata kikokotoo huhitaji.

Kuna mtego mmoja na nusura niingie. Vimo vya maumbo yote mawili lazima vianzie kwenye mstari mmoja uliopigwa skwea na shetri. Ukianza vyote kwenye mkuku, umbo la pili linahama milimita 25, chini maumbo yanalaliana kabisa na utadhani V haihitaji hanamu hata kidogo. Nilipoona uwazi wa chini ni sifuri ndo nikashtuka, maana tayari nilikuwa nimeona kwa macho kwamba inahitaji karibu digrii 14.

Uwazi niliopata ubavuni: 18 karibu na kona, 19.5 katikati, 21 juu. Yaani digrii 10, 11 na karibu 12. Chini 24.5, digrii 13.8. Linganisheni na ile 8 yangu. Kwenye bao la 45, tofauti ya 8 na hizo inatoa milimita 1.8, 2.5 na 3.1. Ndo zilezile tulizopima kwa fito mchana.

Matokeo

Tulisogeza shetri, tukachora hanamu mpya kila sentimita 10, tukakata vijiti vitano vya mbao nyembamba kila kimoja na pembe yake, vijana wakapiga randa wakijaribu kwa kijiti. Fito ikalala. Mzee akapita na karatasi ya sigara akijaribu kuichomeka kwa ndani, ikagoma kila mahali isipokuwa mahali pamoja tu juu kushoto, akapagusa kwa randa mara mbili akaondoka.

Tulipoteza siku moja na nusu. Boti imekuwa ndefu milimita 23 kuliko mchoro, wenyewe hawajui na haiwadhuru. Ilipoteremshwa majini, kwenye maungio ya shetri hapakuingia maji, na walipoipandisha kupakwa rangi baada ya msimu mmoja nilienda mwenyewe kuangalia skrubu za nyuma, mbao hazijapasuka.

Uchambuzi

Kosa langu halikuwa la mkono, skwea ilisoma 8 sawasawa. Nilipima pembe ambayo siyo hanamu. Chukua muhogo ukate moja kwa moja, unapata duara. Ukate hanamu, unapata yai. Muhogo ni uleule, mkato ndo umebadilisha umbo. Mstari wa maji unaikata boti kwa mlalo, wakati ukingo wa shetri unataka mkato uliopigwa skwea na ukingo wenyewe. Hiyo mikato miwili haikutani mpaka bao lisimame wima na ubavu usimame wima.

Lililonishangaza zaidi, na nililipigia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea: shetri ikilala digrii 14 lakini ubavu umesimama wima, hanamu ya kweli ni 7.8. Shetri ikisimama wima lakini ubavu unafunguka digrii 15, ni 7.7. Yaani kila kimoja peke yake, ile 8 ya mstari wa maji inakutosha na hata inazidi kidogo. Vikiwa pamoja inaruka mpaka 11. Sababu ni kwamba ukitoka kwenye uso wa shetri iliyolala ukaenda ndani kwa skwea, hauendi mbele tu, unapanda pia. Na ubavu unaofunguka ukipanda unapanuka. Kwa hiyo bao linadai upana mara mbili, wa kwenda mbele na wa kupanda. Ndo maana boti zangu mbili za mwanzo hazikunilaumu, na ndo maana fundi anaweza kutumia njia mbovu miaka mingi bila kujua mpaka akutane na boti ya mashine.

Kwa chini nilipata 14 badala ya 13.8 na ikapita, lakini ilipita kwa sababu V ilikuwa ndogo na chini pamenyooka. Nisijisifu hapo.

Kuhusu ule umbali wa 100. Nilijaribu kwanza kwa unene wa bao, 45, umbo la pili likawa karibu mno, penseli ikikosea milimita moja tu hanamu inabadilika zaidi ya digrii moja. Kwa 100 kosa hilo linakuwa nusu digrii. Ukienda 200 inapungua tena, ila ubavu wenye mkunjo unakuwa umeshageuka na unapima pembe ya mahali pengine. Kwa boti ya ukubwa huu 100 inatosha. Lile umbo la 45 si la kutupa, ndo mstari wa kuhamishia kwenye uso wa ndani wa bao. Sasa hivi nachora uso wa nje na uso wa ndani, nahamisha yote mawili kwenye bao kwa mstari wa katikati mmoja, tunapiga randa mpaka mistari miwili inakutana. Ile ya 100 ni ya kuhakiki.

Kilichofanya kazi ni kwamba tulijaribu kwa fito kabla ya kufunga ubao hata mmoja. Ingekuwa tumeshapiga skrubu ubavu wa kwanza, njia ya kusogeza nyuma ingekuwa imefungwa. Kuna mafundi waliosoma wanaodharau fito kwa kuwa wana mchoro, na wako wa Nungwi (Unguja) au Matondoni (Lamu) waliozaliwa kwenye jahazi ambao hawatashika penseli. Sisi siku ile tulihitaji vyote viwili na kwa mpangilio huohuo, fito kusema kuna kosa, plaiwudi kusema kosa ni kiasi gani.

Nafasi ya kukosea nayo inahitaji kuamuliwa mapema. Sasa uso wa ndani nauacha na ziada ya milimita 3 nje ya mstari, hata hesabu ikiwa safi, ziada hiyo inaondoka kwa randa boti ikiwa imesimama. Saa moja ya kuchora umbo la pili ni ndogo mbele ya siku na nusu.

Boti ya pili ya kikundi kilekile tuliijenga miezi mitano baadaye. Nilichora maumbo yote kabla ya kununua mvule, shetri ikasimama, fito ikalala mara ya kwanza isipokuwa zile milimita 3 nilizoziacha kwa makusudi. Mzee akaikagua, akakubali kwa kichwa. Mkuku alikuwa ameuacha mrefu shibiri moja, na safari hii sikumwambia aukate.